Mashine Haina Mikono

Mashine ya kukagua mizigo ilifika Kisangani kwa mto, juu ya boti iliyobeba pia saruji, mitumba na mbuzi. Serikali ilikuwa imeinunulia huko huko Kinshasa, na asiyekuwapo na lake halipo: hakuna aliyetuuliza sisi wapekuzi wa uwanja wa ndege mlango wetu una upana gani, wala umeme wetu una tabia gani. Ukuta ukabomolewa ili mashine iingie. Siku ya kuizindua ikaletwa jenereta ya kukodi, wakubwa wakakata utepe, begi la mmoja wao likapita kwenye mkanda huku tukipiga makofi, kisha jenereta ikarudi kwa mwenyewe. Wakubwa wakapanda ndege. Kile kifaa cha kutuliza umeme, ambacho bila hicho mashine ingeungua, hakikuwa kimenunuliwa. Tukaifunika kwa pagne, kitenge kuukuu, ili vumbi lisiingie, tukaendelea kupekua kwa mikono.

Mimi nilipekua mizigo ya wanawake. Wapo walioidharau kazi hiyo, lakini mimi niliipenda. Ukifungua begi la mama anayesafiri, unamjua hata kabla hajasema kitu. Huyu anampelekea mwanawe samaki wa kukausha kutoka Yanonge, amewafunga kwa gazeti, kisha kwa plastiki, kisha kwa kitenge, na bado wananuka. Yule amebeba kwanga za kutosha ukoo mzima, utadhani Kinshasa hakuna mihogo. Nilikuwa nawatania, nao wananitania, na safari ilianza kwa kicheko.

Tulikuwa na sharti letu ambalo halikuandikwa popote: ndugu yako hapiti mikononi mwako. Akifika shemeji, mama mkwe au mtoto wa dada, unarudi nyuma, mwenzako anakuja kumpekua. Watu walidhani tunaogopa kushukiwa upendeleo. Hilo lilikuwapo. Lakini kubwa lilikuwa heshima. Mtoto hachambui nguo za mzazi wake, na mtu anayesafiri ana mambo yake ambayo ni afadhali yaonwe na mtu baki.

Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa injini za boti, amestaafu, na hiyo mashine iliyolala ilimfurahisha kuliko televisheni. Nikirudi nyumbani Mangobo, hata viatu sijavua, nakutana na swali lake.

— Mama, masini ya serikali imeamuka?

Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

— Bado, papa. Iko nalala.

— Serikali imeleta macho, imesahau courant!

Courant ni umeme. Anacheka mpaka kikohozi kinamkamata. Halafu ananiuliza tena mambo ya ufundi: inaonaje, chuma kinatoka rangi gani, nguo zinatoka rangi gani, je mfupa inaupita? Nilimweleza yale machache niliyofundishwa, na mengine nilibuni, maana ni nani anayetaka kuonekana mjinga mbele ya baba yake.

Kile kikohozi kilianza kutunyima raha. Miguu ikavimba, akawa analala ameketi. Daktari wetu alisema moyo umechoka, aende Kinshasa kwenye vipimo vikubwa. Mdogo wangu anaishi huko, akasema papa aje, kitanda kipo. Tukashikilia neno hilo, vipimo, kama vile kupimwa ni kupona. Nilitaka arudi. Sikuwa na ombi jingine asubuhi wala jioni, ila papa aende na arudi.

Hapa lazima niseme juu ya msalaba wetu. Papa aliutengeneza ujanani kwa shaba ya kipande cha boti, akausugua kwa tupa mpaka ukang'aa, akautundika juu ya mlango wa sebule. Nyumbani kwetu msalaba huo haushuki ovyo. Unashuka nyumba ikiwa na maiti tu: anawekewa marehemu mikononi wakati wa kilio, na kabla jeneza halijafungwa unarudishwa kwenye msumari wake. Ulishikwa na bibi, ukashikwa na mama yangu. Siku ya kilio cha mama uliangukia kwenye saruji, mkono wake mmoja ukapinda. Papa, aliyenyoosha vyuma vya boti maisha yake yote, alikataa kuunyoosha.

Kifaa cha kutuliza umeme kilikuja hatimaye. Fundi akafika, akatufundisha kukaa mbele ya skrini: vitu laini vinaonekana rangi ya machungwa, chuma kinaonekana bluu. Macho hayana pazia, na sasa serikali ilikuwa imetununulia macho ya kupenya hata ngozi ya valizi. Wanaume kwa wanawake, wote walipita mbele yangu. Lile sharti letu hakuna aliyelifuta, lilijiondokea tu. Mikono yetu ilikuwa imepumzika, tukadhani na aibu nayo imepumzika. Mashine haina mikono, tuliambiana.

Siku ya safari ya papa nilitangulia kazini. Angeletwa na jirani kwa taksi. Ungeniambia nimpishe mwenzangu kile kiti, ningekataa. Nilitaka papa anione nimekaa pale, mbele ya mashine aliyoicheka miezi yote ile, na imeamka.

Akaja polepole, amevaa koti lake la kanisani, kichwa wazi. Valizi yake ikawekwa kwenye mkanda. Aliponiona alitabasamu kama mtoto aliyeletwa sikukuu.

Nikageukia skrini. Shati, suruali, taulo, yote rangi ya machungwa. Viatu vyenye misumari midogo ya soli. Wembe. Chupa za dawa. Na katikati ya nguo, bluu iliyoiva, msalaba wenye mkono mmoja uliopinda.

Nilisimamisha mkanda. Mkono ulijiendea wenyewe, kwa mazoea ya kazi. Nyuma foleni ikaanza kunung'unika, na mwenzangu akainama begani kwangu.

— Kuna nini?

— Hakuna.

— Si ni musalaba tu! Pitisha, mama, batu banachelewa.

Kwake ulikuwa msalaba tu, na ndivyo ilivyotakiwa. Yeye angekaa kwenye kiti kile, valizi ingepita, papa angeondoka na siri yake, nami ningebaki na matumaini yangu kwa majuma kadhaa zaidi. Lakini niliyekaa pale ni mimi. Nikaelewa kila kitu pale pale: papa alikuwa anajua kwamba harudi. Alijua kuwa kusafirisha maiti kutoka Kinshasa ni mzigo ambao hatutauweza, kwamba atazikwa kule, na hakutaka afike mbele za Mungu mikono mitupu. Moyo wangu ulipasuka, nami nimekaa wima, nimevaa sare ya kazi.

Papa alikuwa ameshapita, amesimama mwisho wa mkanda, ananitazama.

— Mama, masini yako iko naona yote?

— Inaona tu vitu ya hatari, papa.

— Na kwangu imeona nini?

Ningeweza kuinuka. Ningeweza kumshika koti na kumwambia, turudi nyumbani, kama ni kufa ufe kwenye kitanda chako, sisi tukiwa karibu. Nimeyasema maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, ninapofua, ninapokaanga samaki. Siku ile nilibonyeza kitufe, mkanda ukaenda.

— Manguo tu, papa.



— Bon. Njo masini muzuri.

Fundi yule wa boti, ambaye jioni zote alinihoji chuma kinatoka rangi gani! Alijua nimeona, na alijua nimeelewa. Akachukua valizi, akapitia nilipokaa, akaniwekea kiganja kichwani kama alivyokuwa akifanya nilipokwenda kwenye mtihani, kisha akatoka kwenye jua kuelekea ndege. Abiria aliyefuata aliweka gunia la pondu, majani ya mihogo, kwenye mkanda. Nililikagua.

Jioni niliingia nyumbani nikainua macho juu ya mlango. Kwenye msumari wa msalaba ilining'inia kofia ya papa, ile ya kahawia ambayo hakuivua hata mezani. Aliitundika hapo ili msumari usionekane mtupu na kututisha. Watoto wangu walifurahi kuiona, walisema babu ameiacha imngoje. Sikuwasahihisha. Kila simu ilipopigwa kutoka Kinshasa jioni, mimi nilikuwa nikiitazama kofia hata kabla sijasema alo. Tukaendelea hivyo mpaka simu ya mwisho. Mdogo wangu alilia, akasema walipokwenda kumwekea mikono sawasawa, waliikuta imeshashika msalaba.

— Musalaba ulifikaje huku? aliniuliza. Nani alimupatia?

Nilimwambia aliuchukua mwenyewe.

Papa amezikwa kule. Miezi ilipita, wakaja watu kutoka Kinshasa na mabegi ya kompyuta. Serikali inafikiria kununua mashine nyingine, na safari hii, ajabu, walituuliza sisi tunataka nini. Wenzangu wakataja skrini kubwa na mkanda ulio chini zaidi. Mimi nikaomba viti viwili mbele ya skrini, na sharti kwamba ndugu yako akifika, anakaa mwenzako. Kijana aliyekuwa akiongoza alinijibu kwa adabu.

— Mama, kiti tunaweza kuuza. Ile ingine haiko kitu ya kuuza.

Kwetu kuuza ni kununua. Alisema kweli, wala sikumkasirikia.

Wiki hiyo mdogo wangu alikuja kutusalimu, ameleta msalaba alioutoa mikononi mwa papa kabla jeneza halijafungwa. Tulisimama wote sebuleni, yeye akapanda kwenye kiti, akanyoosha mkono aishushe kofia. Nikamshika mguu.

— Acha.

Nikaenda kwa jirani kuazima nyundo, nikapigilia msumari mwingine pembeni, wa msalaba.