Nilidaiwa Mchango wa Damu ya Shemeji Yangu

Wazee wa ukoo wangu walinipigia simu nichange mali ya kulipia kifo cha mume wa dada yangu.

Soma tena polepole. Mjane ni dada yangu wa damu. Na anayelipishwa ni mimi.

Kama hujui mambo ya kwetu Garissa, nikueleze. Mtu akiua, au gari lake likiua, hata kwa ajali, ukoo wake wote unalipa familia ya marehemu. Tunaiita mag. Kila mwanaume anatoa chake. Sasa Sugow, mwenye lori lililomuua shemeji yangu Yahye, ni mtu wa ukoo wangu. Ndiyo maana zamu ikanifikia.

Yahye alikuwa soko la mifugo asubuhi, anafunga mbuzi wake kwenye pikapu. Lori la mchanga likaacha barabara, hata honi halikupiga, likambana pale pale. Hospitali hakufika. Majirani walimletea dada yangu Idil viatu vya mumewe na ile kamba ya mbuzi.

Dereva, Bare, akakamatwa. Akasema breki zilikataa, na kwamba tajiri wake alikuwa ameambiwa. Sugow akasema uongo, Bare alisinzia baada ya kukesha na miraa. Kati ya dereva na mwenye lori, nani alisikilizwa? Jibu unalo.

Basi simu ilipokuja, niliwaka.

"Adeer," nikamwambia Mzee Abdimalik, mkubwa wetu ambaye sote tunamwita ami, "nilipie makosa ya Sugow na dada yangu bado analia?"

"Tulia, kijana. Kesho tunakaa kwa Sugow. Tumalize hii maneno kwa amani."

Kumaliza nilikujua. Ndugu za Yahye walikuwa wameshakubali mag. Alibaki Idil tu aende polisi aseme hataki kesi, na Sugow asiulizwe kitu na mtu yeyote.

Tulipofika mtaani Galbet kwa Sugow, kitu cha kwanza nilichoona ni lile lori. Lilikuwa limeachiliwa kwa dhamana, limeegeshwa uani, limepakiwa mchanga mpaka juu. Linangoja kazi! Wallahi niliona giza.

Sugow mwenyewe amejipaka manukato, anatugawia chai ya maziwa kama tuko harusini.

"Dada yangu," akamwambia Idil, "hii ni kadari ya Allah. Lori langu ni zima. Dereva alilala."

"Muongo wewe!" nikasimama.

"Kaa chini!" Mzee Abdimalik akanifokea.

Nikakaa. Idil alikuwa amekaa na Bibi Maka, mama mkwe wake, macho kwenye mkeka.

"Lori ni zima?" akauliza.

"Zima kabisa. Hata leo linaenda kazi."

"Basi nasamehe. Polisi nitaenda mwenyewe."

Nilishindwa kuamini masikio yangu. Wazee wakaanza kusema alhamdulillah.

"Lakini kwanza," Idil akaendelea, "mtu wa nyumba yako aliendeshe na mzigo wake mpaka kule chini mtoni, kisha arudi. Akirudi salama, kesi imeisha."

Sugow akacheka, kicheko kikavu. "Mama, tuko kwa kikao cha watu wazima. Wacha mchezo."

Sasa, Sugow ana mtoto wake mkubwa, Najib. Mwanaume mwenye leseni, mwenye mke. Huyu alikuwa amekaa karibu na geti, uso umekunjamana, amechoka kusikia baba yake akiitwa muongo mbele ya watu.

"Aabo, wacha nizime haya maneno," akasema. Akaparamia lori, ufunguo ulikuwa ndani, injini ikanguruma.

Kikombe kilimtoka Sugow mkononi. Mzee na tumbo lake alikimbia mpaka mbele ya lori, mikono juu.

"Najib, shuka! Shuka, mwanangu! Hizo breki hazishiki, utakufa!"

Najib akazima injini.

"Aabo," akauliza kutoka juu, "ulikuwa unajua?"

Sugow akaanza kutapatapa. Mara fundi amechelewa, mara vipuri viko Nairobi, mara barabara ni mbaya. Hakuna aliyemsikiliza.

Idil akainuka, akavuta shungi lake vizuri. "Bare hukumwambia ashuke," akasema, akatoka.

Mzee Abdimalik akamgeukia Sugow. "Mag tunachangia bahati mbaya. Wewe ulijua. Hakuna mtu hapa atakupa hata mbuzi mmoja. Lipa peke yako, na korti uende."

Nilitaka kupiga vigelegele, mwanaume mzima mimi.

Nilifurahi mapema. Sugow alishtakiwa pamoja na Bare kwa kutoa barabarani gari bovu, akaleta wakili mwenye suti kali. Na wale wazee? Subhanallah! Mmoja masikio yakawa mabovu ghafla, mwingine eti wakati ule alikuwa anaswali. Abdimalik mwenyewe akaniambia kumnyima Sugow mbuzi ni kitu kimoja, kutoa ushahidi dhidi ya mtu wetu kwa hakimu ni kingine. Niliwatukana kwa simu, mmoja mmoja, na sijutii.

Siku ya kesi tulikaa mimi na Idil, nikijua tumeshindwa. Wakili wa Sugow anatabasamu.

Mwendesha mashtaka akaita shahidi. Mlango ukafunguliwa, akaingia Najib.

Hakumtazama baba yake hata mara moja. Aliapa, akasema, "Nilikuwa nimewasha lori. Baba akapiga kelele breki hazishiki. Alinizuia mimi kwa sababu mimi ni mtoto wake." Hakimu akampa maji.

Bare aliachiliwa. Sugow akapatikana na hatia, akaingia ndani.

Nje ya korti nilikuwa nacheka, nampigia kila mtu simu. Idil akanishika mkono.

"Walaal, ndugu yangu, wacha kucheka. Mimi nilikuwa naomba awe hakujua. Asiyejua ningemsamehe."

Nikazima simu.

Wenye malori mnaosoma hapa, mwanzo nilitaka kuwatukana, lakini nitasema hili tu. Kabla hujamtuma mtoto wa mtu barabarani, mpandishe wako. Ukiona mguu wako unakimbia kumshusha, peleka hilo lori kwa fundi leo.