Sentensi Kwenye Kola

Wifi yangu amepiga pasi miaka kumi na tisa katika chumba cha kufulia cha hoteli. Mimi nina miaka kumi na minne kwenye meza ya pili, nakunja na kufunga anachokinyoosha yeye. Ameolewa na kaka yangu, kwa hiyo nina haki ya kumtania, na haki hiyo sijaiacha ilale hata siku moja.

Mwaka jana msimamizi wetu alitangaza kwamba anastaafu. Kila mtu mle ndani alijua kiti kile ni cha wifi. Doa la wino analitoa huku anakusimulia habari za majirani, na asikose hata neno. Lakini meneja alishuka na sharti: msimamizi mpya atapokea simu za wageni, na wageni wanaongea Kiingereza. Usaili ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wifi aliishia darasa la saba, na Kiingereza chake chote kilikuwa "yes", "no" na tabasamu.

Binti yake anayesoma chuo akamwambia asihangaike na maneno makubwa. Wageni wanatumia madogo, tena yale yanayotembea mawili mawili. "Look" ni kutazama, lakini "look after" ni kutunza na "look for" ni kutafuta. "Give" ni kutoa, "give up" ni kukata tamaa. Akamjazia daftari zima.

"Hawa watu wana vituko, wifi," aliniambia. "Neno unalijua tangu shule, leo limeota mkia, halikujui tena!"

"Na sisi je?" nikamwambia. "Tunapiga simu, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga pasi. Mgeni akisoma hayo si atadhani humu ndani kuna vita?"

Alicheka mpaka akaiweka pasi pembeni, kisha akarudi kwenye daftari lake.

Kwetu kila nguo ya mgeni hufika na tiketi, kipande cha karatasi ngumu chenye namba ya chumba, kimebanwa na pini kwenye kola. Wifi akaanza kuchukua tiketi tupu na kuandika sentensi moja moja, akizibana kwenye mashati yaliyo kwenye foleni. Akipiga pasi anasoma kwa sauti, na foleni ikiisha anazichomoa tiketi zake zote kwa pamoja na kuzitia mfukoni mwa aproni. Mashati thelathini, sentensi thelathini. Za daftari alizikataa, akasema hazina chumvi. Alitunga zake mwenyewe kutoka nyumbani kwake, na hivyo ndivyo chumba kizima kilivyoanza kusikia mambo ya kaka yangu.

"My husband puts off repairing the door," anasoma, huku anakandamiza mkono wa shati. Yaani mume wangu kila siku anaahirisha kutengeneza mlango. Anageuza shati, anachukua lingine: "I put up with his snoring." Mikoromo yake naivumilia tu. Nilimwonya kwamba siku ndoa ile ikifika mahakamani, hakimu atakuwa na ushahidi kwa lugha mbili.

Jumatano, siku mbili kabla ya usaili, kulikuwa na wageni wa mkutano waliotaka mashati yao saa kumi. Wifi alikuwa amemaliza mashati kumi na moja alipoitwa upande wa mashine, moja ilikuwa inavuja. Aliyaacha yananing'inia kabla hajazichomoa tiketi zake. Mimi siku hiyo nilikuwa nawahi kwa fundi cherehani, gauni langu lilikuwa tayari na akili yangu ilishatangulia huko. Niliyakunja, nikayafunga, nikayapakia kwenye toroli. Kila kola ilikuwa na tiketi mbili, na mimi sikuangalia hata moja.

Saa kumi na moja simu ikalia. Msimamizi hakuwepo, wifi akapokea. Mgeni alikuwa anacheka, anataka kujua kama ule mlango umetengenezwa. Wifi alielewa papo hapo kilichotokea, jasho likamtoka. "Not yet, sir," akajibu. "Sorry, sir." Lakini kati ya wale kumi na mmoja kulikuwa na mmoja asiyecheka. Yeye alipata "Get out of my kitchen", toka jikoni kwangu, naye akaipeleka kwa meneja.

Asubuhi yake tukaitwa. Meneja alikuwa na mkuu wa vyumba, na tiketi iko mezani.

"Nani alifunga shati hili?"

Nampenda wifi yangu, lakini ulimi uliniganda.

"Kosa ni langu, meneja," wifi akasema. "Tiketi niliandika mimi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ndipo nikafungua mdomo: "Nilifunga mimi, meneja. Sikuangalia, nilikuwa nawahi kwa fundi."

Meneja alimgeukia mkuu wa vyumba, wakaanza kuzungumza Kiingereza, kwa sauti ya upole, kama wazazi wanaosemezana mbele ya watoto. Nilitazama viatu vyangu. Nikasikia "tomorrow". Nikasikia "call it off". Halafu nikasikia sauti ya wifi.

"Please, sir, don't call it off," alisema. "Nineteen years I look after your shirts."

Mkuu wa vyumba akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Meneja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kumbe ulikuwa unasikia?" aliuliza, kwa Kiswahili.

"Nimesikia, meneja. Kwamba usaili ufutwe, atafutwe mtu wa nje. Na kwamba sisi wa kule chini hata tufundishwe vipi, hakuna kinachoingia."

Mimi sikujua kama nimshike mkono au nimpigie makofi.

"Kesho saa nne," meneja alisema mwishowe, akitazama meza. "Uje."

Tulipofika kwenye ngazi nilimkalisha. Alilia, akacheka, akalia tena, na mimi nikalia naye, kwa sababu nusura nimkoseshe cheo kwa ajili ya gauni. Ijumaa alikwenda, akakosea mawili matatu, lakini kiti akakipata.

Sasa simu iko mezani kwake, anaipokea kabla haijalia mara ya pili. Na meneja, akiwa na neno la siri kuhusu sisi, humwomba mkuu wa vyumba watoke kwanza nje.