Jicho la Fundi Uzi

Walimwita Fundi Uzi kwa sababu kuta zake zilinyooka kama uzi uliovutwa, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Ndiyo maana retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ilipobanduka katika jicho lake la kulia, hakuuliza kama atapofuka. Aliuliza, "Daktari, mstari ulionyooka nitauona umenyooka?"

Baada ya upasuaji daktari hakumficha. Retina imerudishwa mahali pake, na ndani ya jicho kimetiwa kiputo cha gesi kiishikilie. Akiinua kichwa mapema, inaweza kuteleza kidogo, na kila mstari atauona umepinda. Kwa hiyo alale kifudifudi, siku saba.

"Kiputo hupanda juu," fundi alisema, uso umeshaelekea sakafuni. "Nikiangalia chini, kinasukuma nyuma ya jicho. Kumbe umenitia pimamaji, kama ile ninayonyooshea kuta! Haya mambo nayajua."

Kuyajua ni kitu kimoja, kuyafuata ni kingine. Siku ya tatu mama mkwe alibisha hodi, na fundi, mtu wa adabu zake, akaanza kujiinua kitandani.

"Wewe!" Mkewe alimkandamiza kwa viganja viwili. "Lala!"

"Nimsalimie mama nimempa mgongo? Watu watasema nini?"

"Watasema una mke mwenye akili."

Fundi akauambia mto, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Afadhali leo nimepumzika na huo uso."

Kitanda kizima kilitikisika kwa kicheko, ila kichwa hakikuinuka.

Wiki ya sita kiputo kikaisha. Fundi hakungoja chai. Alikwenda mbio hadi kwenye duka ambalo mdogo wake alikuwa akilijenga, mkewe nyuma yake akihema. Akafumba jicho la kushoto, akautazama ukuta kwa lile la kulia. Katikati ukuta ulikuwa na tumbo.

"Umepinda," alisema kwa sauti ndogo. "Mama watoto, retina imeteleza."

"Hebu fumba hilo la kulia."

Akafumba. Akatazama kwa la kushoto, ambalo halijawahi kuguswa na daktari yeyote. Tumbo lilikuwa palepale.

"Umepinda!" Akamkumbatia mkewe mbele ya mafundi wote. "Umepinda kweli, jamani!"

Mdogo wake akaja mbio, mwiko mkononi. "Kaka! Unaona?"

"Naona, tena vizuri sana! Bomoa kozi nne za matofali, mdogo wangu. Mungu akubariki!"