Ng'ombe wa Masisi kwenye Theluji

Katika wazee wote ambao Agathe aliwaogesha na kuwalisha kwa miaka kumi na mmoja jijini London, hakuna aliyemhangaisha kama Mzee Wilfred wa mtaa wa Tooting. Mzee huyu alizaliwa shambani, kaskazini ya mbali, na tangu astaafu alikuwa akichora shamba lile wakati wa baridi: ghala, uzio, moshi wa jikoni, theluji mpaka magotini. Uchoraji hakufundishwa na mtu. Watu walizipenda picha zake hivyo hivyo, na duka moja la sanaa lilizitundika.

Kisha mikono ikaanza kumtetemeka. Asubuhi moja alitupa brashi sakafuni.

"Ng'ombe wananishinda. Wewe umewahi hata kumwona ng'ombe?"

Agathe alicheka, mara yake ya kwanza ndani ya nyumba ile. Baba yake alifuga ng'ombe sitini kwao, kwenye milima ya Masisi, mpaka siku wenye bunduki walipowaswaga wote, na baba mwenyewe wakamwacha amelala zizini, hana uhai. Akaokota brashi. Kwa wiki tatu, kila alipomaliza kumpa mzee uji, alichora ng'ombe mmoja. Aliwachora kama alivyowajua, pembe ndefu zilizopinda, na yule mwenye baka usoni ambaye nyumbani walimwita Shangazi.

"Hawa watakufa kwa baridi," alisema mzee.

"Mbona mimi sijafa."

Mzee akamsogezea rangi.

Mwezi wa pili Mzee Wilfred alifariki, na binti yake akaipeleka picha dukani. Agathe alipanda basi kwenda kuitazama. Pembeni walikuwa wamebandika karatasi: kazi ya mwisho ya Wilfred, na ng'ombe wa ajabu aliowaota akiiaga dunia. Picha ilikuwa imekwishapata mnunuzi.

"Ng'ombe hawa nimewachora mimi," alimwambia binti wa mzee, aliyekuwepo pale dukani, taratibu.

Binti alimshika mkono. "Ulimsaidia sana baba. Hatutakusahau."

"Sikumsaidia. Niliwachora. Hawa ni wa baba yangu."

Watu wawili wenye glasi za mvinyo waligeuka kutazama. Binti akauachia mkono wake.

Ijumaa meneja wa kampuni ya kutunza wazee iliyomwajiri alimwita ofisini. Familia imelalamika, alisema, kwamba mfanyakazi anadai mali ya marehemu. Akamsukumia barua ya onyo.

"Uliza basi nani alishika brashi," Agathe alisema.

"Kazi yako ilikuwa kumwogesha, Agathe. Weka saini hapa."

Akaweka.

Jioni Gloire, bintiye wa miaka kumi na saba, aliisoma ile barua kisha akauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwa nini mama amekubali uongo.

"Kwa sababu wewe unakula," Agathe alimjibu.

Siku nne hawakusemezana. Ya tano, Agathe alianza safari za mabasi matatu kwenda mtaa wa Kenton, alikopangiwa na kampuni, kwa bibi mmoja ambaye, kabla hajamruhusu kuvua koti, alitaka kwanza kuuona mkoba wake umefunguliwa.