Watoto Watatu kwenye Wasifu

Mwanamke ninayemsoma chuoni aliishi London enzi za Kiviktoria, akiandika maisha ya washairi waliokwisha kufa. Leo hakuna anayemjua. Alikuwa akienda kwa wajane, anakunywa chai yao, anawasomea alichoandika, na chochote walichokikunjia uso alikifuta. Mke wa kwanza wa mshairi mmoja alifutwa hivyo hivyo, kama hakuwahi kuzaliwa. Nilichukia. Katika tasnifu yangu nimemwita mwoga, na nikikaa kuandika habari zake situlii. Nainuka, nazunguka chumba changu hapa mjini Hopkins, ughaibuni, nagombana naye kwa sauti.

Baba mdogo alipofariki, mkewe aliniita kwao Plymouth, mji jirani na wangu.

"Wewe ndiye msomi wa maisha ya watu," alisema. "Andika wasifu wa marehemu. Uwe mfupi, wengine wanaingia shift jioni. Watoto andika wawili."

"Mama mdogo, wako watatu."

"Andika wawili, mwanangu. Usiniulize."

Huyo mwingine, ambaye ndiye wa kwanza kuzaliwa, yuko Tanga. Baba mdogo alimpata kabla ya ndoa na hakumlea. Nimecheza naye utotoni. Ni dada yangu. Nilijua angeitazama ibada ya mazishi mubashara kwenye simu, na kwetu wasifu haukamiliki mpaka isemwe marehemu ameacha nani. Asipotajwa pale, atatajwa wapi tena? Nilirudi nyumbani damu inachemka. Usingizi haukuja vizuri mpaka siku ya ibada. Kila nikifumba macho namwona yule Mwingereza na kikombe chake cha chai.

Kanisani, katika mji wa Saint Louis Park, nilisoma bila kutetereka: ameacha mjane na watoto watatu. Jina la dada nililitanguliza. Mama mdogo aliinamisha kichwa. Watu waligeukiana kidogo, kisha kwaya ikaanza. Nilirudi kitini nimefurahi, sifichi. Nilijiona bora kuliko yule mwandishi na wajane wake wote.

Tukiwa kwenye foleni ya chakula, uliingia ujumbe wa dada kwenye simu yangu.

"Mimi ndiye niliyemwomba mama mdogo nisitajwe. Baba aliyenilea alikuwa anatazama pamoja nami, kanishika mkono. Uliposoma jina langu, aliuachia. Sasa yuko nje, kakaa peke yake, na sijui nikamwambie nini."