Tulivyompeleka Wanjiru Ruiru kwa Gari la Baba Yake

Sababu ya safari hii ilikuwa moja tu. Kaka yangu mkubwa, tuliyemzika mvua za masika zikianza, aliniomba akiwa kitandani kwamba binti yake Wanjiru asiende kuolewa kwa gari la kuazima. Apelekwe kwa lile dogo jeusi alilolinunua likiwa kuukuu, akalifufua kwa mikono yake. Nilimwahidi. Tangu mazishi sikuwa mtu wa maneno mengi, na kucheka sikucheka kabisa.

Thika, asubuhi. Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kulegea, lakini bado tulitembea na barua za ruhusa. Mchungaji wa Ruiru alikuwa ametuonya: asipotuona kufikia saa tano, anakwenda kanisa jingine, na harusi itangoja mwezi ujao. Wanjiru alikaa mbele kando yangu, gauni lake jeupe limefunika hata gia. Nyuma walibanana dada yangu Nyokabi na shangazi wengine wawili, wakiimba tangu tulipotoka uani.

Mashamba ya mkonge yalipoanza, nilikanyaga breki ili ng'ombe wavuke. Pedali ikazama, laini kama ugali ambao haujaiva. Nikaikanyaga tena harakaharaka, ikainuka, ikashika. Nikangoja kidogo, ikawa laini tena.

"Wanjiru, breki imeingia hewa."

"Nimeona, Baba Mdogo. Mguu wako umefika sakafuni."

Mbele yetu kulikuwa na mteremko wa Mto Ndarugu. Sitadanganya, niliogopa. Nilishusha gia, nikavuta breki ya mkono, gari likasimama kando ya barabara mahali tambarare.

"Mbona tumesimama?" Nyokabi akauliza.

"Breki."

"Si uende polepole!"

"Dada, kwenda tunaweza. Kusimama ndiko hatuwezi."

Nilifungua boneti. Mafuta ya breki yalikuwa yameshuka sana kwenye kikopo chake. Nyokabi akasema nijaze twende, kwa kuwa mkebe wa mafuta ulikuwa kwenye buti. Lakini mafuta yakipungua, kuna mahali yanapotokea. Nikainama nyuma ya kila gurudumu mpaka nikaona: la nyuma kushoto lilikuwa limelowa, nati ya bomba la breki imelegea. Niliikaza. Hata hivyo hewa ilikuwa imeshaingia, na hewa haitoki kwa kuombwa.

Hapo lori likatokea upande wa Ruiru, limejaa watu wa bwana harusi waliokuja kututafuta. Akashuka Karanja, mjomba wa bwana harusi, dereva wa trekta kwenye shamba la kahawa. Suti yake mpya bado ilikuwa na mikunjo ya dukani.

"Bibi harusi apande lori, twende!"

"Apande wapi?" Nyokabi akamrukia. "Binti yetu ni gunia la kahawa?"

"Mama, mchungaji anaangalia saa!"

"Mwambie aangalie Biblia!"

Nilimvuta Karanja kando, nikamweleza ahadi yangu. Akavua koti. "Tujaribu. Ikikataa, atapanda lori, nawe usininunie."

Nilikubali.

Karanja angelala chini kwenye gurudumu, mimi niangalie kikopo kisikauke. Nani angekanyaga pedali?

"Mimi," Wanjiru akasema, akivua viatu. "Baba alikuwa akinikanyagisha tangu miguu yangu ilipoanza kufika."

Tulianza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali na kikopo kuliko yote. Karanja alichomeka mpira mwembamba kwenye nati ndogo ya kutolea hewa, ncha ya pili akaizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

Alifungua nati, mapovu yakatoka, akaifunga. "Achia!"

Shangazi hawakuweza kusikia mtu akiita na mwingine akijibu, halafu wao wakae kimya. Wakaupa wito ule sauti ya wimbo, na watu wa lori wakaitikia. Mara likatoka povu kubwa, Nyokabi akapiga vigelegele.

Sasa, kwetu vigelegele vya upande wa bibi harusi vikipigwa, mtu wa upande wa pili halali chini. Huinuka akacheza, la sivyo atasemwa mpaka wajukuu. Karanja aliruka juu, mikono myeusi hewani, akazungusha mabega. Nati ilikuwa wazi! Mpira ukachomoka. Wanjiru naye akadhani kazi imekwisha, akaachia pedali.

"Karanja!" nikapaza sauti. "Umetuingizia hewa yote tena!"

Akaganda, mguu mmoja juu. "Ui! Ningekaa tu, na mama amenipigia?"

Wanjiru ndiye aliyeanza kucheka. Nikashikilia ubavu wa gari, kicheko kikanitoka kwa nguvu hata nikamwaga mafuta kwenye kiatu changu.

Tukatoa amri: hakuna vigelegele mpaka nati ifungwe. Tulirudia gurudumu lile, tukafuata mengine, shangazi wakiwa wameziba midomo kwa leso, mabega yanatikisika. Mapovu yalipokwisha, Wanjiru alisimama juu ya pedali kwa uzito wake wote. Ilikuwa juu, ngumu, na haikuzama. Nililijaribu gari kwanza pale tambarare, nikakagua ile nati; ilikuwa kavu. Ndipo tukashuka mteremko.

Ruiru. Mchungaji alikuwa ngazini, kofia kichwani. Nilikanyaga breki mbele yake, gari likatulia.

"Mmechelewa," akasema.

"Ndiyo, tumechelewa."

Akaangalia mikono yangu, akamwangalia Karanja, akavua kofia na kurudi ndani. Mlangoni Wanjiru alinishika mkono bila kujali grisi. "Baba angekugombeza," akaninong'oneza. "Umemwaga mafuta."

"Angenigombeza sana," nikasema, na tukaingia tukicheka.

Alasiri tulirudi Thika, shangazi wamelala nyuma, kiti cha mbele kitupu. Nilijifunza kwamba pedali ikilainika usijaze mafuta tu ukaenda zako. Tafuta kwanza yanapovujia. Na nilikuwa nikidhani nikicheka nitakuwa nimemwacha kaka yangu. Siku ile nilicheka kutoka mkongeni hadi madhabahuni, na jioni bado nilimkumbuka vilevile.