Nilichanganya Mawe ya Urani, Shemeji Akafukuzwa

Nianze kujitukana mwenyewe kabla hamjanitukana: mimi ni mpuuzi! Mpuuzi mwenye buti za kampuni na kofia ngumu.

Walipokuja watu wa kutafuta urani porini nyuma ya kijiji cha Nyamwage, mimi na mume wa dada yangu tulipata kibarua. Mashine ilichoronga ardhi, ikatoa vipande virefu vya jiwe la mchanga. Shemeji alivipanga masandukuni, cha juu kwanza, cha chini mwisho. Mimi nilibeba tu, lakini kijiweni nilijiita mtaalamu. Loo!

Siku moja sanduku likaniponyoka, kona yake ikanipasua mguu. Vipande vikamwagika. Shemeji alikuwa ameenda kuswali adhuhuri. Ningemngoja? Thubutu! Nikavirudisha kwa kubahatisha. Kwani jiwe si jiwe tu?

Kumbe mpangilio ule ndio wanaousoma kujua urani iko kina gani! Mjiolojia akaona jiwe lenye dalili liko juujuu, akafurahi, akahamisha mashine. Wakachoronga wiki nzima, patupu. Walipokagua sanduku, lawama zote zikamwangukia shemeji. Akafukuzwa.

Mimi je? Nilitikisa kichwa kwa masikitiko, mnafiki mkubwa! Tena majirani walipomshauri asomeshe Halbadiri, dua ya kumwapiza aliyemfanyia hila, niliyepaza sauti kuliko wote ni mimi: "Isomwe! Mwenye roho mbaya aumbuke!"

Shemeji akakataa. "Ntamuumiza mtoto wa watu bure. Huenda kapitiwa tu."

Nikaendelea kutamba na buti zangu. Shemeji akaenda delta kukata mikoko. Dada alipofunga mizigo kumfuata, nikashindwa kuvumilia. Nilimweleza yote huku nalia.

Hakushtuka. Aliendelea kukunja kanga zake.

"Mdogo wangu, nani alikukanda mguu ule? Ukanambia umejikwaa kisiki. Kisiki gani kina kona? Siku aliyofukuzwa mume wangu nilimwambia. Akasema tukungoje, utasema mwenyewe."

Yaani nilipokuwa nabwata "Isomwe!", shemeji alikuwa ananitazama, anajua! Natamani angenitukana. Buti zile siwezi hata kuzitazama.

Nyie wajanja wenzangu, kikikudondoka kitu cha watu, sema siku hiyohiyo. Usijidanganye kwamba hujaonekana. Huenda unahurumiwa tu, na anayekuhurumia keshafunga mizigo.